Mtoto wa Glasgow na sindano ya Dandy

Mwaka 1876, mjini Glasgow, daktari wa upasuaji William Macewen aliitwa kumtazama mtoto wa kiume wa miaka 11. Mtoto aliwahi kuumia juu ya jicho la kushoto. Sasa alishikwa na degedege upande wa kulia, na kauli ikampotea. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Macewen alichokuwa nacho ni kazi ya Mfaransa Paul Broca, aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba usemi una makao yake mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Akapiga hesabu: jipu liko hapa. Akaomba kutoboa fuvu, akakataliwa.

Mtoto akafa. Ndipo akaruhusiwa. Akatoboa palepale alipopataja, usaha ukatoka.

Kila nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Waliokataa siwalaumu sana. Nani angekubali mwanawe atobolewe kichwa enzi zile? Lakini kufikia 1893 Macewen alichapisha kitabu chenye hesabu ya kushangaza: wagonjwa 19 wa jipu la ubongo aliowapasua, 18 walipona. Na penisilini bado haipo!

Jipu lililojificha ndani kabisa lilikuwa habari nyingine. Kulifikia kwa kisu ni kukata ubongo mzima usio na kosa. Mwaka 1926 Walter Dandy, huko Baltimore, akaandika kuhusu njia ya kipole: tundu dogo kwenye fuvu, sindano, vuta usaha, basi. Wapo waliopendelea kulikata jipu lote litoke na ganda lake, na hoja wanayo, maana sindano ya Dandy ilikwenda kwa kupapasa.

Macho yalikuja baadaye. Mwaka 1947 Spiegel na Wycis, wa Philadelphia, walitumia kwa binadamu fremu inayofungwa kichwani ili kuongoza sindano kwa vipimo. Tarehe 1 Oktoba 1971, London, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield. Vitu hivyo viwili vilipokutana, sindano ikaweza kufika hata kwenye shina la ubongo.

Usaha wenyewe hupelekwa maabara kutambua kijidudu, mgonjwa akaendelea na dawa kwa wiki kadhaa. Wakati mwingine jipu hujaa tena, wakarudi kwenye tundu lilelile.