Ruhusa ya Kujenga Kando ya Maji katika Bonde la Kilombero

Kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge limelala bonde pana, na ndani yake unapita mto Kilombero, ambao ukikutana na Luwegu huzaa mto Rufiji. Masika yakikolea, maji huiacha njia yake na kuenea mbugani mpaka mbuga yote ikawa kama ziwa. Aliyeuona mto huo mwezi wa Septemba, akirudi mwezi wa Aprili hautambui. Katika nchi ya namna hii, aombaye mahali pa kujenga huomba kwanza mahali pakavu, na mwenye kutoa ruhusa hapana budi ajue maji yatafika wapi. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni nani, zama kwa zama, aliyeaminiwa kuyajua maji hayo.

Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, walilijibu swali hilo kwa njia yao wenyewe: walikuwa na nyumba mbili. Makao yao yalikuwa mahali palipoinuka. Na wakati wa kilimo walihamia shambani, wakakaa katika dungu, yaani kibanda kilichojengwa juu ya nguzo, wakiwalinda ndege na nguruwe mwitu huku maji yakipita chini yao. Dungu halikuhitaji ruhusa ya kudumu, kwa kuwa lenyewe halikudumu. Makao yalikuwa jambo jingine. Miongoni mwa Wabena wa mitoni, ardhi ilikuwa chini ya Mtema, na mgeni hakuchagua kiwanja kwa jicho lake tu. Habari za utawala huo zimo katika kitabu cha A. T. na G. M. Culwick kilichotoka mwaka 1935, ambamo Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe aliandika sura moja. Ni nadra kitabu cha zama zile kumpa mtawala wa nchi kalamu yake.

Lakini wakati huo Mtema alikuwa amekwisha kuwekewa mwenye ardhi mwingine juu yake. Kwa amri ya Novemba 1895, Wajerumani waliitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya Serikali yao. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliiweka ardhi yote ya Tanganyika mikononi mwa Gavana, na hata mwaka 1928 ndipo haki za wenyeji kwa mila zao zilipotajwa waziwazi katika sheria hiyo. Katika mbuga ifurikayo, neno hili la ardhi isiyo na mwenyewe lina hatari yake. Shamba lililofunikwa na maji miezi kadhaa, lisilo na nyumba juu yake, machoni pa karani ni pori. Na mwenyewe yu hai, amekaa mlimani akingoja maji yapungue.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni wajibu, na sheria ya mwaka 1975 ikaunda halmashauri za vijiji na mikutano mikuu yake. Watu wakakusanywa penye barabara, shule na zahanati, nayo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara. Walakini mashamba yalibaki mbugani. Basi mkulima akaendelea kuwa na nyumba mbili kama babu yake, ila ile ya kudumu sasa alichaguliwa mahali pake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeirudisha ruhusa karibu na mwombaji. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali. Yaani majirani husikia ombi na kusema neno lao. Hapo mzee aliyeyaona mafuriko mengi aweza kusimama na kusema kwamba pale penye mwembe maji hufika. Lakini sheria hiyohiyo inamwezesha Waziri kuitangaza kuwa ya hatari ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza katika mita hizo 60 shughuli za binadamu zilizo za kudumu.

Kipimo hiki ni chepesi mahali ambapo mto una ukingo. Kilombero, kamba ishikwe wapi? Ikishikwa penye mto wa Septemba, mita 60 zaishia ndani ya mbuga ambayo mwezi wa Aprili ni maji matupu, na mtu atakuwa amejenga kihalali mahali pa kuzama. Ikishikwa penye maji ya Aprili, vitongoji vizima vitajikuta upande uliokatazwa. Sheria ingeandikwa na Mndamba, labda ingetaja mwezi.

Tangu 2002 bonde lenyewe, kiasi cha kilomita za mraba 7,967, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwishoni mwa 2012 wafugaji wengi waliondolewa humo pamoja na mifugo yao. Kuanzia 2016 mpango wa serikali wa kurasimisha ardhi ulipima mipaka ya vijiji na vipande vya watu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukawatolea hati za hakimiliki za kimila. Mjini Ifakara kibali cha kujenga hutoka kwa Halmashauri ya Mji. Vijijini mwombaji hupeleka ombi lake kwa halmashauri ya kijiji, kisha hungoja mkutano. Dungu la shambani halimo katika maombi hayo. Husimamishwa kila msimu, na baada ya mavuno huachiwa mchwa.