Vilima Visivyo na Miti

Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alizunguka eneo la Katanga, Kongo, na msafara ulioongozwa na Bia na Francqui. Alikuta mashimo mapana ya shaba yaliyochimbwa vizazi vingi kabla yake. Wageni waliitwa wagunduzi; sifa hiyo ni ya wachimbaji wenyeji. Wao waliisoma ardhi: penye shaba nyingi miti haisitawi, hubaki nyasi na mmea uitwao ua la shaba. Wakati wa kiangazi walichimba malakiti, jiwe la kijani kibichi lenye shaba, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, mivukuto ya ngozi ikipuliza. Shaba ilimiminwa kwa umbo la msalaba, ikatumika kama fedha. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wafu walizikwa na misalaba hiyo.