Efeso: Bandari Iliyopeleka Neno Bara

Magofu ya Efeso leo yako kilomita kadhaa kutoka baharini, kwa maana tope la mto Cayster liliijaza bandari yake. Katika karne ya kwanza mambo hayakuwa hivyo. Merikebu zilitia nanga hapo, na barabara kuu za jimbo la Kirumi la Asia, ambalo sasa ni magharibi ya Uturuki, zilishukia hapo.

Tukitajiwa Efeso, wengi wetu hukumbuka ghasia za Demetrio, mfua fedha. Lililo kubwa zaidi lilitendeka bila kelele katika darasa la Tirano. Mtume Paulo, baada ya kupingwa katika sinagogi, alifundisha humo kila siku kwa muda wa miaka miwili, yapata mwaka 53 hadi 55 B.K. Luka ashuhudia kwamba wote waliokaa Asia walilisikia neno la Bwana.

Je, Paulo alifika kote huko? La, hasha. Wakristo wa Kolosai, zaidi ya kilomita 150 kutoka Efeso, hawakupata kuuona uso wake. Aliyewafundisha ni Epafra, mwenyeji wao, ambaye inaelekea aliipokea Injili aliposhuka Efeso. Huyo alijitaabisha pia kwa ajili ya Laodikia na Hierapoli. Hata hivyo Agano Jipya lamtaja mara tatu tu: mara mbili katika Waraka kwa Wakolosai, na mara moja katika ule wa Filemoni, akiwa mfungwa pamoja na Paulo.