Kumwaga Oili

Mwenye pikapu kule Zagayu, msimu wa pamba ukikaribia, hasemi atabadili oili ya difu, husema ataimwaga. Mkali wa lugha atapinga: neno limetaja nusu ya kazi tu, tena ile nyepesi. Hoja yake ina uzito. Anayetii neno na kuanza na nati ya chini, kisha akakuta ile ya juu ya kujazia imeng'ang'ania, amebaki na difu tupu. Ndiyo maana nati ya juu hufunguliwa kwanza. Hata hivyo, anayesema anafua hataji kuanika, na hakuna anayedhani ataziacha nguo kwenye beseni. Fundi akisikia “mwaga”, tayari anatafuta oili namba 90, ile nzito ya gia.