Kompyuta haiwaki baada ya kubadilisha madabodi

Hewa ya chumvi ya kisiwa kama Chula hula pini za kompyuta. Ukibadilisha madabodi na mashine ikakataa kuwaka, usifomati diski: mara nyingi vyeti na picha za familia bado zimo.

Chomoa umeme. Kaza nyaya mbili: ya pini 24, na ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Toa RAM, irudishe mpaka ilie “tiki”.

Ikiwaka bila kufungua Windows, ingia BIOS. Je, diski inaonekana? Rudisha UEFI au Legacy kama ilivyokuwa. Ikidai ufunguo wa BitLocker, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Ikishindikana, unganisha diski kwenye kompyuta nyingine, nakili mafaili, ndipo usakinishe Windows upya.