Maneno ya Kwenda Nayo Mezani

Chungulia ndani ya majina ya malipo uone mfanyakazi alivyohesabiwa. Mshahara umebeba mwezi: shina lake ni shahr, mwezi kwa Kiarabu. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa. Jina likatoka kwenye karatasi likamhamia mwenye karatasi. Manamba ni namba iliyotiwa wingi wa watu. Na kipande, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kilikuwa kadi ya siku 30: kila siku iliyofanyiwa kazi iliwekewa alama, na ujira ulisubiri alama zitimie. Mwezi, cheti, namba, kadi. Hakuna hata moja ambalo mfanyakazi alijichagulia. Maneno ya kudai masilahi yake, walau hayo, tuyachague wenyewe.

Tuanze na mkataba. Huyu ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Wote ni watoto wa kuandika. Katika fikihi, mukataba ni mapatano ya mtumwa na bwana wake, kwamba atajikomboa kwa malipo ya awamu. Neno lenye nasaba hiyo halihitaji mbadala. Linahitaji tu tukumbuke kwamba kuandika kuna hatua zake. Tanzania, mkataba wa chama na mwajiri hufunga pande zote kwa sahihi ya mwisho, isipokuwa wenyewe wawe wameandika vingine. Kenya, huanza kufanya kazi ukisajiliwa mahakamani. Madaktari wa Kenya walitia saini mkataba wao mwaka 2013, ukabishaniwa kwa sababu haukusajiliwa, na kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 wakagoma siku 100. Kumbe kutia saini na kusajili si visawe.

Mkataba wa namna gani, basi? Watanzania wameuita mkataba wa hali bora. Wakenya husema CBA, kifupi cha Kiingereza cha collective bargaining agreement, na gazeti likitaka kufasiri huandika "mkataba wa makubaliano ya pamoja". Hilo la pili linajirudia, maana hakuna mkataba usio makubaliano. La kwanza ni tamu, ila linatoa sifa kabla ya kazi: hata mkataba ulioongeza posho ya sabuni tu nao utaitwa wa hali bora. Napendekeza tugawe. Hati iwe mkataba wa pamoja. Hali bora tuihamishie kwenye orodha inayoandikwa tawini kabla ya kikao: madai ya hali bora. Hapo wanachama watauliza, baada ya sahihi, ni bora ngapi zilizoingia katika mkataba.

Majadiliano ni neno la ofisini. Mzizi wake, jadala, ni kubishana, na mtu anaweza kubishana hadi usiku wa manane akatoka mikono mitupu. Sokoni husikii mtu akisema "tujadiliane bei". Muuza khanga akitaja elfu kumi na mbili, mteja akashika pindo na kujibu "nane", mwenye meza atasema, "Njoo tupatane." Kupatana ni pata pamoja na -ana: mimi nipate, nawe upate. Na waliogombana wakasameheana nao pia wamepatana. Maana zote mbili zinatakiwa hapa, kwa sababu wanaovutana leo mezani kesho watakuwa pamoja karakana moja. Majadiliano yabaki jina la mazungumzo. Zoezi lenyewe liwe mapatano ya pamoja.

Sheria hudai mapatano hayo yafanywe kwa nia njema. Msemo mzuri, lakini nia hukaa moyoni, na moyo hauna dirisha. Kinachoonekana ni vitendo: kufika kikaoni, kujibu hoja, kutoa taarifa ambazo chama kinazihitaji ili kizungumze kwa hesabu badala ya kubahatisha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa za namna hiyo. Ningeweka pembeni ya nia njema neno uwazi, ambalo mtu anaweza kulipima kwa macho. Mwenye nia njema aseme hivyo akiwa amekwisha kufungua daftari.

Ndani ya chama chenyewe tumezoea kuhamasisha. Hamasa ni ari, joto la kifuani, na kiambishi -isha kinatuambia kuna anayelitia na anayetiwa. Kiongozi hufika, huhamasisha, hupanda gari. Kujipanga kuna kitu ambacho kuhamasisha hakina: ile -ji-. Hakuna awezaye kukujipangia. Hata sarufi inakataa. Tanzania na Kenya, mwajiri hulazimika kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika. Nusu hiyo haipatikani kwa hotuba. Hupatikana kwa mtu wa zamu ya usiku kumwuliza mwenzake, "Shemeji, wewe umeshajaza fomu?" Tuhamasishe, sawa, ila taarifa za tawi zihesabu waliojipanga.

Kisha lipo hili la kuchekesha. Wakili, wakala na mwakilishi ni mtu na nduguze, wote wamekabidhiwa jambo la mwingine. Asiye mwanachama, lakini anayefaidi mkataba, hukatwa ada ya uwakala. Siku hizi wakala ni yule wa kibandani anayetoa na kuweka pesa za simu. Mwalimu mpya akiiona "uwakala" kwenye hati ya mshahara, ana haki ya kujiuliza alitoa pesa lini. Tuiite ada ya mnufaika. Jina hilo linamweleza anacholipia, na kwa heshima linamwuliza kwa nini asijiunge kabisa apate na kura.

Mgomo hauna haja ya kuguswa. Mtoto hugoma kula, gari hugoma kuwaka, punda hugoma njiani. Kila mmoja ana sababu, na mwenye akili huitafuta. Tusiubadilishe kwa "kuweka zana chini", msemo unaonukia tafsiri; mhadhiri ataweka chini zana gani? Wakenya hutanguliza ilani ya mgomo, siku 7, na Watanzania notisi, saa 48. Najua Dar es Salaam ilani imekwisha kutwaliwa na vyama vya siasa, lakini asili yake ni kutangaza hadharani. Nampa kura Mkenya.

Kuna shikana na kuna shikamana. Watu hushikana mashati. Shikamana imeongeza -am-, ile tunayoisikia katika fungamana, na sasa kubanduka ni kazi. Ndiyo maana wahenga wa istilahi walituachia mshikamano, hawakutuachia mshikano. Mwajiri akimwita mmoja pembeni na kumwongezea peke yake, anaipima -am- hiyo.

La mwisho ni nyongeza. Kila Mei Mosi watu hukaa juani kusubiri itangazwe, na ikitangazwa husema, "Tumeongezewa." Sentensi nzima haina mfanyakazi anayetenda. Kupatana, kujipanga na kushikamana ni vitenzi ambavyo wafanyakazi wenyewe ndio watendaji. Basi, mlinzi mwenzangu wa lugha, kama wewe ni katibu wa tawi, muhtasari wa kikao kijacho uko mikononi mwako. Palipoandikwa "wanachama waliomba waongezewe", andika "wanachama walidai", kisha taja kiasi.