Moto Usiozimika

Katika roketi ya fueli ya majimaji, vali hufungwa na moto hufa. Roketi ya fueli ngumu haina utii huo. Fueli yake ni unga wa alumini na chumvi yenye oksijeni, vilivyofungamanishwa kwa mpira hata vikawa donge lenye ugumu wa kifutio cha mwanafunzi. Likiisha kuwashwa, huwaka mpaka liishe. Mdomo wa roketi waweza kugeuzwa ili kuiongoza, na baruti yaweza kutegwa katika gamba lake ili kuipasua ikiasi. Lakini kuizima hakuna. Basi utawala ulio bora juu yake ni ule utumikao kabla ya cheche.

Marekani iliwapandisha wanadamu katika moto wa namna hiyo tarehe 12 Aprili, 1981, Columbia iliporuka na roketi mbili ubavuni. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 45 na uzito wa tani 590 hivi, ikawaka kwa dakika mbili. Safari nne za kwanza zilikuwa na viti vya kuwarusha nje marubani wawili. Wasafiri walipozidi, viti vikaachwa.

Roketi hizo zilitengenezwa Utah, zikapelekwa Florida kwa reli, kwa hiyo zilisafiri vipande vipande. Kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira zenye unene wa milimita 7. Mpira ukipata baridi hukawia kurudi katika umbo lake, na moto haungoji. Baada ya safari ya Januari, 1985, iliyofanywa katika baridi, masizi meusi yalionekana kati ya pete. Mwezi wa Julai mhandisi Roger Boisjoly aliwaandikia wakuu wake kuwa maisha ya watu yamo hatarini.

Usiku wa tarehe 27 Januari, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol walishauri kwa simu kwamba Challenger isirushwe katika baridi ya chini ya digrii 12 za sentigredi. Maofisa wa NASA walibisha. Wakuu wa kampuni wakajitenga kushauriana, na mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Hapo ndipo mizani ilipopinduka: mpingaji alitakiwa kuthibitisha maangamizi, badala ya mrushaji kuthibitisha salama. Allan McDonald, mjumbe wa kampuni huko Florida, alikataa kutia sahihi, mwingine akatia.

Asubuhi joto lilikuwa digrii 2. Haikupita sekunde moja tangu kuwashwa, moshi mweusi ukatoka kiungoni. Katika sekunde ya 58 ulimi wa moto ulionekana. Katika sekunde ya 73 chombo kilivunjika, na watu saba wakafa. Roketi mbili ziliendelea kuruka peke yao, hazina cha kubeba, mpaka ofisa wa usalama alipozipasua kwa amri ya redio katika sekunde ya 110.

Viungo viliundwa upya, vikapewa pete ya tatu na vipasha joto, na safari zikaanza tena tarehe 29 Septemba, 1988. Hata safari ya mwisho, Julai, 2011, havikupoteza chombo kingine. Columbia, iliyoangamia 2003, iliponzwa na kipande cha povu kilichopiga bawa lake. Orion, chombo kilichobuniwa baadaye kubeba watu juu ya roketi za ukoo huo huo, kimewekewa mnara wa kukivuta mbali na hatari. Mnara huo nao husukumwa na fueli ngumu.